Tepu za DC6150: kagua mpira kabla ya kuchomeka

Ukiuliza kama tepu za DC6150, kaseti za zamani za kuhifadhia data ya kompyuta, bado zinasomeka: zinasomeka, hata za mwaka 1990. Data kwenye DC6150, zile za MB 150, mara nyingi bado ipo. Kinachokufa ni mpira. Gurudumu la mpira ndani ya mashine ya kusomea huyeyuka likawa kama ulimbo, na beleti nyembamba iliyo ndani ya kaseti hulegea au kukatika. Kwa hiyo usichomeke chochote kabla ya kukagua vyote viwili. Safisha pia vihisi vya mwanga: ncha ya tepu haikufungwa kwenye kigurudumu chake, mashine hujua imefika mwisho kwa kuona vitundu vya kwenye tepu tu. Vumbi likiviziba vihisi, tepu yote inachomoka, na kuirudisha ni kazi ya kukera kwelikweli.

Mimi hutengeneza mashine hizi; beleti huzitoa kwenye kaseti tupu za aina hiyohiyo. Kwenye Linux, nakili kila kitu kwanza kwa dd (amri ya kunakili data jinsi ilivyo) kutoka /dev/nst0 (jina la mashine ya tepu kwenye Linux; hairudishi tepu mwanzo, unaendelea na fungu linalofuata), faili utazifungua baadaye. Ila kama tepu iliandikwa na programu ya DOS (mfumo wa zamani wa kompyuta) iliyobana data, tar, programu ya Linux ya kufungua faili zilizofungwa pamoja, haitakusaidia. Itafute programu ileile.