Vitanda sita, wauguzi wawili: nitaonyeshaje uzito wa kazi?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni muuguzi katika wodi ya wagonjwa mahututi hapa Kigoma. Tuna vitanda sita, na usiku tunapangwa wawili. Tukilalamika tunaambiwa wodi ya wanaume ina wagonjwa thelathini na wauguzi wawili vilevile, kwa hiyo sisi tuna nafuu. Kuna namna ya kuionyesha kazi yetu kwa namba?
– Muuguzi wa zamu ya usiku, Kigoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Namna ipo, na nimefurahi umeuliza, maana miaka yangu yote wodini hapa Tabora nimesikia jibu hilo la "mna nafuu". Anayewapangia zamu anahesabu vichwa kwa sababu hajaletewa kitu kingine cha kuhesabu. Mpelekeeni dakika.

Kuna kipimo cha uzito wa kazi za uuguzi kiitwacho Nursing Activities Score, kwa kifupi NAS. Dinis Reis Miranda wa Uholanzi na wenzake walikichapisha mwaka 2003, baada ya kufuatilia kazi za wauguzi katika wodi 99 za mahututi kwenye nchi 15. Kina vipengele 23, na kila mgonjwa hupewa alama za saa 24. Alama 100 ni kazi ya muuguzi mmoja usiku na mchana, kwa hiyo alama moja ni kama dakika 14.

Sasa tazama alama zenyewe. Mashine ya kupumulia, ambayo kila mgeni anayeingia huikodolea macho, ina alama 1.4 tu, yaani dakika 20 hivi. Kumgeuza mgonjwa zaidi ya mara tatu kwa siku, au kwa wauguzi wawili, ni alama 12.4: karibu saa tatu! Wewe unajua zinakokwenda. Mmoja anashika kichwa na mpira wa kupumulia usichomoke, mwenzake anamvuta begani na nyongani. Shuka linyooshwe, mgongo ukaguliwe kama ngozi imebadilika rangi au ina joto, mto uwekwe katikati ya magoti, nyaya zirudishwe. Mko wawili na nyote mko kitanda namba moja. Vile vitano vinaangaliwa na nani? Muulizeni matroni swali hilo kama lilivyo, kwa heshima.

Na ndugu wa mgonjwa wamo kwenye hesabu. Kukaa nao kama saa moja ni alama 4. Mtu aliyetoka Kibondo kwa basi au Kalya kwa boti, anayeelewa Kiha kuliko Kiswahili chetu cha hospitali, hawezi kujibiwa kwa maneno mawili mlangoni. Hiyo ni kazi ya uuguzi, iandikeni bila aibu.

Tuseme wagonjwa wenu sita wamepata 80, 65, 50, 45, 35 na 25. Jumla 300, maana yake wauguzi watatu wawepo wodini kila saa. Hapo wengi huomba watatu na kuishia hapo. Mwaka una saa 8,760. Muuguzi wa saa 40 kwa wiki, ukimtolea likizo ya siku 28, anabaki na saa 1,920. Nafasi moja ya saa zote inahitaji watu wanne na nusu, na nafasi tatu zinahitaji kumi na wanne, kabla hujagusa kuugua, sikukuu na mafunzo. Namba ya kupeleka kwenye ikama, yaani mpango wa idadi ya watumishi, ni hiyo.

Angalizo moja. Kama mnakimbilia dawa famasi au mnasukuma mitungi ya oksijeni wenyewe, msiichomeke kazi hiyo kwenye kipengele kisicho chake ili alama zipande. Iandikeni pembeni na dakika zake. Siku mkaguzi akikuta alama moja ya kubambikiza, hesabu yote itatupwa.

Jazeni kwa saa ileile kila siku, mwezi mzima, hata siku wodi imepoa. Kisha msimamizi wenu wa wodi aende kwa matroni, na matroni kwa mganga mfawidhi na katibu wa afya. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini maombi ya ikama hupangwa miezi mingi kabla, kwa hiyo anzeni na zamu ya kesho asubuhi.