Maswali ya wasomaji: Asome sheria mbali, kazi aje aifanye Mbeya?

Habari za kazi, wahariri. Binti yangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HKL. Amechaguliwa Shahada ya Sheria vyuo viwili, kimoja Mwanza na kingine Iringa. Yeye anataka Mwanza. Mimi nasema Iringa, maana nia yake ni kuja kufungua ofisi ya uwakili Mbeya mjini. Akisomea mbali, mahakama za huku zitamkubali? – Mama, Tukuyu

Mama, shikamoo. Hofu ya kukubaliwa iondoe kabisa. Tanzania Bara haina wakili wa mkoa. Anayeapishwa na Jaji Mkuu na jina lake kuingia kwenye Daftari la Mawakili anaweza kusimama Mahakama Kuu ya Mbeya, Iringa, Songea au Sumbawanga, awe amesoma kando ya Ziwa Victoria au pale Gangilonga, Iringa. Hakuna jaji atakayemuuliza alikaa hosteli ya wapi.

Sisi pia tungempeleka Iringa, lakini si kwa sababu uliyoitaja. Sababu yetu ni fildi na likizo.

Shahada ya sheria ni miaka mitatu au minne, kutegemea chuo, na ndani yake kuna wiki kadhaa za mafunzo kwa vitendo. Hizo wiki, pamoja na likizo ndefu, ndizo zitakazomjulisha kwa makarani wa mahakama, kwa mawakili ambao baadaye watampa meza ya kuanzia, na kwa aina ya mashauri ya huku kwetu: mirathi, mipaka ya mashamba, madai ya wafanyakazi wa chai Rungwe na Mufindi, malori na forodha Tunduma. Kutoka Iringa, Mbeya ni kilomita 300 na ushee. Kutoka Mwanza anazunguka Singida, Dodoma na Iringa. Kwa nauli hiyo, likizo fupi ataishia kubaki hosteli.

Kabla hamjaamua, piga simu idara ya sheria ya kila chuo uulize jambo moja: mwanafunzi anaruhusiwa kufanya fildi Mbeya, na je, msimamizi atafika kumkagua? Vyuo vingine hupanga maeneo ya fildi kwa kuangalia wasimamizi wanaweza kufika wapi. Mwanza wakisema Mbeya inawezekana, nusu ya hoja yetu imekufa na binti ana haki ya kubishana nawe tena.

Fildi yenyewe iombwe mapema, miezi miwili au mitatu kabla. Apeleke barua ya utambulisho ya chuo, barua yake ya maombi yenye tarehe ya kuanza na kumaliza, na nakala ya kitambulisho. Akitaka mahakamani, barua iende kwa Naibu Msajili, Mahakama Kuu Mbeya. Akitaka ofisi ya wakili, aipeleke mwenyewe kwa mkono. Wengi huomba wiki ya mwisho, nafasi zimeshajaa, wakapokelewa mahali ambapo kazi ni kutoa fotokopi mpaka fildi iishe. Na daftari la fildi lisainiwe na kugongwa muhuri kila wiki. Ukurasa mmoja usio na muhuri, akiugundua akiwa tayari chuoni, ni safari nzima ya kurudi.

Akiwa hapo asing'ang'anie Mahakama Kuu kwa ajili ya majoho. Akae pia Mahakama ya Mwanzo, ambako mirathi nyingi za kimila na za Kiislamu huanzia, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko atagundua haraka kwamba baadhi ya notisi wanazorithishana wanafunzi zimepitwa na wakati. Kwa mfano, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata linasuluhisha mgogoro wa ardhi tu, haliamui tena. Mteja wa Rungwe aliyeambiwa vinginevyo anapoteza muda na hela.

Sasa jambo ambalo wazazi wengi hawalipigii hesabu. Shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Lazima apite Shule ya Sheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, na masomo yake ya darasani yamekuwa yakitolewa Dar es Salaam. Kwa hiyo Iringa au Mwanza, binti atakwenda Dar, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya: ada, chumba, chakula, daladala, na mwishoni joho na gharama za maombi ya kuapishwa. Bodi ya Mikopo imekuwa na mwongozo wa mikopo kwa wanafunzi wa shule hiyo, lakini usipange maisha kana kwamba bumu limeshaingia. Kama bajeti ni finyu, afadhali ubane miaka ya shahada ili mwaka wa Dar usimkute hana kitu.

Na mwaka huo si wa kupita tu. Matokeo yaliyozua mjadala nchi nzima mwaka 2022 yalihusu watahiniwa 633: waliofaulu moja kwa moja 26, wenye sapu, yaani mitihani ya kurudia, 342, waliodisko, yaani walioondolewa masomoni, 265. Serikali iliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe, aliyewahi kuwa mbunge wa Kyela. Funzo kwa anayechagua chuo leo ni kwamba umbali wake na nyumbani si kigezo kikuu. Uliza kama wanafunzi huandika wenyewe hati za madai, viapo na hoja za maandishi zikasahihishwa mstari kwa mstari, na kama wana mahakama ya mazoezi inayofanya kazi kweli, si chumba chenye kizimba tu. Mtu aliyefika mwaka wa mwisho bila kuandika hati ya madai hata moja atateseka Dar. Kiingereza nacho asikiachie hapo kilipo kwa kuwa alisoma HKL. Ni kweli tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama kisheria, lakini masomo, sheria nyingi na hukumu za rejea bado ziko kwa Kiingereza.

Mwisho, aliyechaguliwa chuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja, kwa namba maalumu anayotumiwa, ndani ya muda uliotangazwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Msibishane mpaka dirisha likafungwa. Kuhama baadaye kunawezekana, ila kwa masharti: chuo anachokwenda kiwe na nafasi, na sifa zake zitoshe kozi hiyo. Mkopo nao lazima uhamishwe rasmi. Wengi husahau, na bumu linaendelea kwenda chuo cha zamani.

Shikamooni. Mimi niko Tunduma. Lusaka naifikia rahisi kuliko Dar na nina ndugu wa kunilaza bure. Nikisoma sheria Zambia naweza kufanya kazi Songwe na Mbeya? – Mwana mpaka

Marahaba, mdogo wetu. Inawezekana, ila bure hiyo ina bei yake.

Zambia na sisi tumerithi mfumo mmoja wa sheria za Kiingereza, kwa hiyo namna ya kufikiri na kutumia hukumu za nyuma utaikuta ileile. Tofauti iko kwenye sheria zenyewe. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ya Ushahidi, Sura ya 6, na ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, zimetokana na zile za India. Ndiyo maana mawakili wa hapa hunukuu vitabu vya Kihindi na hukumu za Kihindi bila haya. Lusaka mkataba utafundishwa kwa kanuni za Kiingereza zisizo na sheria ya namna hiyo. Ardhi ndiyo itakayokuumiza zaidi. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za 1999, hati za kimila zinazotolewa na halmashauri za vijiji, mabaraza yake: hayo utajifundisha mwenyewe, na huku Songwe ndiyo mkate wa kila siku.

Kabla ya kuvuka, omba TCU cheti cha kutokuwa na pingamizi, wanachopewa wanaokwenda kusoma nje. Ukihitimu, peleka shahada yako TCU itambuliwe, ndipo uombe Shule ya Sheria kwa Vitendo hapa nchini. Usidanganyike kwamba ukimaliza ile taasisi ya Lusaka inayoandaa mawakili wa Zambia, ZIALE, jina lako litahamia kwenye daftari letu moja kwa moja. Likizo zote rudi ukae mahakamani Vwawa au Mbeya, na maamuzi ya Mahakama Kuu Mbeya yasome TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania. Ni bure, unahitaji bando tu.

Kama nia yako ni mizigo ya mpakani na kampuni zenye ofisi pande zote mbili, Lusaka inaweza kukupa kitu ambacho mwenzio wa Iringa hana. Kama ni mirathi na mashamba, baki.

Mimi ni mwalimu wa sekondari Mafinga. Nataka sheria bila kuacha kazi. – Mwalimu

Chuo Kikuu Huria kinatoa Shahada ya Sheria na kina vituo mikoani, Iringa na Mbeya ikiwemo. Shahada hiyo inakupeleka Shule ya Sheria kama nyingine. Utakapokwama ni hapo: masomo ya darasani yanakutaka wewe mwenyewe, kwa hiyo ruhusa ya masomo iombe kwa mwajiri mapema, kwa maandishi, usisubiri barua ya kuitwa. Na usisome peke yako. Tafuta wenzako watatu wanne wa mwaka wako, mkutane Jumamosi.

Nikiapishwa Bara, naweza kuhamia Unguja nikaendelea na kazi? – Kijana, Njombe

Si kwa kiapo hicho peke yake. Zanzibar ina Mahakama Kuu yake, Jaji Mkuu wake na daftari lake la mawakili, na ina Mahakama za Kadhi ambazo Bara hatuna. Mahakama ya Rufani ndiyo ya Muungano. Ukiwa na nia hiyo, uliza masharti ya Zanzibar ukiwa bado chuoni, na sheria zao za ardhi zisome mbali na hizi za 1999.