Kila tangazo likitoka moyo unanipiga paa

SWALI
Anti shikamoo. Nilimaliza digrii ya uhasibu 2022 na mpaka sa hivi niko hapa Morogoro kwa kaka na wifi, natuma maombi Ajira Portal, ule mtandao wa ajira za serikali, natuma na kwa makampuni, wapi. Nilishaitwa Dodoma kwenye mchujo nikapita, nikaingia mahojiano nikaongea vizuri tu, majina ya waliopangiwa vituo yakatoka mi simo. Nauli alitoa kaka. Yaani siku hizi hata harusini siendi maana swali la kwanza ni "uko wapi sasa hivi", usiku nalala na simu mkononi nikipekua magrupu ya ajira na usingizi wenyewe siupati. Halafu kuna jamaa anataka laki tatu eti jina langu lipite. Nifanyeje anti, nimechoka.
Wa Kihonda

JIBU
Marahaba mwanangu, pole sana. Kuchoka kwako kuna haki yake, usikubali mtu akwambie huna imani.

Ila hapo kwenye mahojiano umejihukumu bure. Kutopangiwa kituo siyo lazima uwe umefeli, wapo wanaofaulu kabisa nafasi zikawa zimeisha, majina yao yanawekwa kwenye kanzidata na nafasi ikitokea wanaitwa bila kuanza upya. Kwa hiyo namba yako ya simu na taarifa zako kwenye portal ziwe sahihi, basi.

Magrupu toka. Sitanii, toka leo. Matangazo mengi ya serikali yanakaa wazi kama wiki mbili hivi, sasa saa nane usiku unakimbizana na nini? Fungua portal asubuhi ukishakunywa chai, tuma cha kutuma, funga, simu usiku ilale sebuleni.

Sasa mchana, maana kinachokumaliza mi naona ni kwamba hakuna mtu anayekusubiri popote. Shuka soko la Chifu Kingalu, ongea na mwenye duka unayemfahamu, muulize risiti zake za manunuzi anaweka wapi. Atakutolea mfuko umejaa vikaratasi vya EFD, zile mashine za risiti, vingine vimeshafifia havisomeki maana maandishi ya zile karatasi yakikaa kwenye joto yanapotea, na ndo hapo anaingia ofisi ya TRA mikono mitupu kwenye makadirio ya kodi halafu analalamika kodi kubwa. We zipige picha, zipange kwa mwezi, mfungulie daftari la mauzo na matumizi, na awe anakumbuka awamu zake za kodi, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Usijiite mshauri wa kodi lakini, hiyo ina usajili wake, we unamtunzia vitabu tu. Atakupa kidogo, pengine nauli na chakula kwa kuanzia, ila kila Alhamisi kuna mtu atapiga simu "mbona hujafika", na kwenye CV ile nafasi tupu tangu 2022 inapata maneno. Vikoba navyo, vile vikundi vya kuweka na kukopa, vinalia na mahesabu, muulize wifi yako hapo hapo.

Halafu harusini nenda, ukiulizwa sema natunza mahesabu ya maduka mjini, utakuwa hudanganyi. Kaka naye mwambie ukweli kwamba nauli ya Dodoma inakutesa moyoni, maana pengine yeye hata hajawaza hivyo na we umekaa unamkimbia mezani. Usingizi ukiendelea kugoma hata baada ya kuiacha simu, au chakula kikakataa, nenda hospitali umuone daktari usione aibu.

Huyo wa laki tatu usimpe hata mia. Akikupigia tena chukua jina na namba yake uwapigie TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, 113, ni bure.