Maswali ya wasomaji: Mkristo na upanga, Chelčický alifundisha nini?

SWALI: Naongoza vijana wa Moravian hapa Tukuyu. Wamesikia habari za Petr Chelčický, Mcheki wa zamani aliyesema Mkristo hapigani kabisa. Alifundisha nini hasa, nami nimfundisheje bila kumpotosha?
Kiongozi wa vijana, Rungwe

JIBU: Ndugu yetu, Chelčický aliishi kusini mwa Bohemia, sehemu ya nchi ya Wacheki, karne ya 15. Jan Hus, mhubiri wa Prague aliyetaka kanisa lirekebishwe, alikuwa amechomwa moto Konstanz, mji wa Ujerumani, mwaka 1415, na wafuasi wake wakashika silaha dhidi ya majeshi yaliyotumwa kuwaangamiza. Chelčický aliwaunga mkono katika kudai kanisa lirekebishwe, lakini vita alivikataa, hata vya kujilinda. Alibishana huko Prague na Jakoubek wa Stříbro, aliyekubali vita kwa masharti, kisha akarudi kijijini kuandika.

Kitabu chake kikubwa ni Wavu wa Imani. Wavu ni ule wa Petro katika Luka 5. Anasema nyangumi wawili, papa na kaisari, waliingia ndani wakauchana, tangu Konstantino, kaisari wa Roma, alipolipatia kanisa mali na mamlaka. Hapo ndipo uzito wake kwa leo: kanisa likiomba serikali ilinyamazishie wapinzani wake, limeshaacha njia ya Kristo.

Tenga saa moja na nusu. Someni Luka 5:1-11, halafu Mathayo 13:24-30, ambapo mwenye shamba anakataza kung'oa magugu kabla ya mavuno. Warumi 13:1-7, inayoagiza kutii watawala na kulipa kodi, iwe ya mwisho. Ukianza nayo, ubishi wa kodi utameza kipindi chote.

Kwenye Warumi 13 ndipo wengi hukosea, wakidhani aliwachochea watu waasi. Sivyo. Alisema Mkristo atii, alipe kodi na avumilie, ila asiue kwa amri ya mtawala yeyote. Kwake, Paulo aliwaandikia Wakristo wachache waliokuwa chini ya kaisari mpagani. Aliwaeleza namna ya kutawaliwa, hakuwapa ruhusa ya kutawala kwa upanga. Adhabu ya kifo aliikataa vilevile.

Kosa la pili ni kumwita mwanzilishi wa Moravian. Waliosoma maandiko yake, wakiongozwa na Ndugu Řehoř, ndio walioanzisha Umoja wa Ndugu, kanisa ambalo Moravian inatokana nalo, huko Kunvald, Bohemia, mwaka 1457. Wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walitoka katika ukoo huo. Waambie vijana na sehemu isiyopendeza pia: kufikia miaka ya 1490 Umoja ulilegeza msimamo, ukaruhusu waumini kuapa na kushika vyeo vya serikali, na waliokataa wakajitenga. Sisi tunaona hasara ilikuwa kubwa, ingawa tunaelewa kwa nini watu waliochoka kuteswa walichagua hivyo.

Dakika 20 za mwisho wape swali moja walijadili: waumini wakigombania uongozi wa usharika, ni lini kuita polisi ni kuzuia watu wasiumizane, na ni lini ni kutafuta ushindi?