Wasomaji Wauliza: Kwa Nini Firefly Iliishia Njiani?

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu tamthilia za bunilizi ya kisayansi zilizositishwa kabla hadithi haijafika mwisho, na ndani yake tuliitaja kwa sentensi mbili tu tamthilia ya Kimarekani iitwayo Firefly, iliyooneshwa mwaka 2002. Sentensi hizo mbili zimetuletea barua nyingi kuliko makala nzima. Nimechagua nne, na kwa kuwa nimekuwa mpenzi wa tamthilia hiyo tangu rafiki yangu aliponiazima diski zake, nimeomba nizijibu mwenyewe.

Ndugu Mhariri, niliangalia sehemu zote 14 kwa siku tatu, na nilipofika mwisho nilidhani kwamba aliyeninakilia amesahau nyingine. Kaka yangu akanihakikishia kwamba hakuna zaidi. Tamthilia nzuri namna hii ilikosaje watazamaji? Ni kweli kwamba Wamarekani wenyewe hawakuipenda?
*Msomaji, Morogoro*

Ndugu yangu, nakala yako haina upungufu. Zilitengenezwa sehemu 14, na kati ya hizo ni 11 tu zilizorushwa na kituo cha Fox kabla ya tamthilia kuondolewa hewani mwezi Desemba mwaka ule ule ilioanza. Sikubaliani na wanaosema kwamba haikupendwa. Naamini kwamba ilioneshwa kwa namna ambayo hata mtazamaji mwenye nia njema asingeweza kuipenda, na nitakueleza kwa nini.

Mtunzi wake, Joss Whedon, alianza hadithi vitani. Tunamwona Malcolm Reynolds akiwa sajenti wa upande unaopigania kujitawala, katika bonde liitwalo Serenity. Anabusu msalaba anaouvaa shingoni, anawatia moyo vijana wake, kisha anasimama akitazama juu, akidhani kwamba ndege zinazokuja ni za upande wake. Ni za adui, yaani serikali ya Alliance, na kijana aliyesimama kando yake anapigwa risasi na kuanguka bila yeye hata kugeuka. Baada ya hapo tunarushwa miaka sita mbele: Malcolm sasa ni nahodha wa chombo chakavu cha mizigo, nacho amekipa jina la bonde lile lile aliloshindwa. Anapakia abiria ili apate fedha za mafuta, na mmoja wao ni mchungaji aitwaye Book. Wanapoketi mezani, Book anaomba ruhusa ya kusali kabla ya chakula, na nahodha anamjibu kwamba atakuwa na kipingamizi iwapo tu sala hiyo itasemwa kwa sauti. Aliyeuona ule msalaba ukibusiwa anaelewa mara moja ni nini kilichokufa ndani ya mtu huyu, bila kuhitaji maelezo mengine.

Sasa fikiria kwamba sehemu hiyo, yenye urefu wa saa mbili pamoja na matangazo, ndiyo ambayo Fox waliamua isiwe ya kwanza. Waliona kwamba inakwenda polepole, wakataka kitu chenye purukushani zaidi, na Whedon pamoja na mwenzake Tim Minear wakalazimika kuandika sehemu mpya ya ufunguzi, The Train Job, katika siku mbili za mwisho wa juma. Hiyo ndiyo waliyoiona Wamarekani usiku wa tarehe 20 Septemba 2002. Inaanza kwa ugomvi wa baa. Si mbaya hata kidogo, lakini inawataka watazamaji wawahurumie watu tisa ambao hawajatambulishwa kwao. Sehemu iliyotungwa iwe ya kwanza ilioneshwa tarehe 20 Desemba, ikiwa ya mwisho, baada ya uamuzi wa kuisitisha kazi yote. Kijana yule alianguka bondeni miezi mitatu baada ya watazamaji kuhitaji kumwona akianguka.

Mpangilio wa sehemu nyingine nao ulivurugwa. Sehemu iliyokusudiwa kuwa ya sita ilioneshwa ya tatu, na iliyokusudiwa kuwa ya nane ikaoneshwa ya tano. Juma moja la Oktoba tamthilia haikuoneshwa kabisa kwa sababu ya mechi za besiboli, na mwishoni mwa Novemba ilitoweka tena. Siku yake ilikuwa Ijumaa usiku, wakati ambapo vijana wengi, ambao ndio waliolengwa, hawako nyumbani.

Halafu kuna suala la hesabu, ambalo naona makala yetu ililipita haraka mno. Kituo cha Marekani wakati huo kiliishi kwa matangazo ya biashara, na bei ya matangazo ilitegemea takwimu za kampuni ya Nielsen, ambayo haikumhesabu kila mtazamaji bali ilipima kaya chache zilizoteuliwa kuwakilisha nchi nzima. Kaya iliyochelewa kuiangalia kwa sababu ya besiboli, au iliyochanganyikiwa juma la tatu ikaacha, ilisomeka kama kaya isiyoipenda. Wastani uliopatikana ulikuwa watazamaji wapatao milioni 4.7. Kwetu hilo ni jiji zima, lakini kwa kituo kikubwa cha nchi ile ilikuwa idadi ndogo, na kazi yenye mapambo ya gharama kubwa haikuweza kujitetea kwayo. Nasema kwa uchungu kwamba mwaka uliofuata tamthilia hiyo hiyo ilipata tuzo ya Emmy kwa picha zake za anga, wakati haikuwa na chombo cha kurusha tena.

Mhariri, je, niiangalie kwa mpangilio upi? Rafiki zangu wawili wanabishana.
*Msomaji, Kisumu*

Fuata mpangilio wa diski zilizotolewa Desemba 2003, ambao ndio wa mtunzi. Utaanza na Serenity, ile sehemu inayoanzia vitani, na kumalizia na Objects in Space, na njiani utakutana na sehemu tatu ambazo Fox hawakuzirusha kabisa: Trash, The Message na Heart of Gold. Filamu ya mwaka 2005, nayo ikiitwa Serenity, iache hadi mwisho. Ukiianza filamu kwanza utakuwa umewazika watu kabla hujawafahamu.

Assalamu alaykum, Mhariri. Mume wangu huniambia kwamba kuandikia kituo cha televisheni ni kupoteza muda. Mimi ni shabiki wa tamthilia za namna hii na nimewahi kutia saini maombi zaidi ya mara moja. Je, kuna wakati wowote ambapo barua za mashabiki zimesaidia?
*Msomaji, Muscat*

Waalaykumu salaam, dada yangu. Zimesaidia, na mfano wa kwanza una jina lililotoka katika lugha yetu. Tamthilia ya Star Trek ilianza kuoneshwa na kituo cha NBC mwaka 1966, na miongoni mwa maofisa wa chombo chake alikuwamo mwanamke mweusi aitwaye Uhura. Marehemu Nichelle Nichols, aliyeigiza nafasi hiyo, alisimulia kwamba siku aliyokwenda kufanyiwa majaribio alikuwa amebeba kitabu chenye jina Uhuru, na kutokana na neno hilo likapatikana jina la mhusika. Mimi hufurahi kila ninapokumbuka kwamba mtazamaji wa Chicago alilisikia neno letu kila juma, hata kama hakujua maana yake.

Ulipofika msimu wa pili, habari zikaenea kwamba NBC wanataka kuisitisha. Mwanamke mmoja, Bjo Trimble, pamoja na mumewe John, wakawaandikia mashabiki wakiwaelekeza namna ya kuandika: kila mtu kwa maneno yake mwenyewe na kwa adabu, kisha amwombe mwenzake naye aandike. Zikafika barua zaidi ya 100,000, na tarehe 1 Machi 1968 NBC ikatangaza hewani kwamba tamthilia itaendelea. Hata hivyo ushindi huo ulikuja na kasoro, maana msimu wa tatu uliwekwa Ijumaa saa 4 usiku, bajeti ikapunguzwa, na mwaka 1969 ikasitishwa ikiwa na sehemu 79. Lakini sehemu 79 ziliweza kuuzwa kwa vituo vya mikoani virudie kuzionesha siku hadi siku, na kwa marudio hayo Star Trek ikapata watazamaji ambao haikuwahi kuwa nao ilipokuwa mpya, hadi ikatengenezewa filamu mwaka 1979. Kama kusingekuwa na msimu ule wa tatu ulioletwa na barua, sehemu zingekuwa chache mno kuuzika. Mweleze hivyo mumeo.

Wengine walituma kitu kizito kuliko karatasi. Mwaka 2007 kituo cha CBS kiliisitisha Jericho, hadithi ya mji mdogo uliobaki baada ya mabomu ya nyuklia, na mashabiki wakakitumia karanga zaidi ya tani 20, kwa sababu neno la Kiingereza lenye maana ya karanga ndilo alilolitoa stelingi kama jibu la kukataa kusalimu amri katika sehemu ya mwisho. CBS wakaongeza sehemu saba, kisha wakaisitisha tena mwaka 2008. Mwaka 2018 kituo cha Syfy kilipoiacha The Expanse, mashabiki walikodi ndege ndogo ikaburuta bango juu ya ofisi za studio za Amazon. Amazon wakaichukua, na ikaendelea kwa misimu mitatu zaidi hadi Januari 2022.

Mashabiki wa Firefly nao walichanga fedha wakaweka tangazo katika jarida la Variety, mwezi ule ule wa Desemba. Fox hawakurudi nyuma. Tofauti, kwa maoni yangu, ni kwamba mwaka 2002 haukuwapo mlango wa pili wa kubisha, wakati mwaka 2018 ilikuwapo kampuni nyingine iliyokuwa ikitafuta kazi ya namna hiyo. Basi ukiandika, mwandikie pia yule ambaye hajaikataa. Diski za Firefly zilifanya kazi hiyo bila mtu kupanga: zilinunuliwa kwa wingi hivi kwamba kampuni ya Universal ikakubali kuigeuza hadithi kuwa filamu.

Mwanangu Mhariri, mimi ni mtu mzima, na mjukuu wangu ndiye aliyeniingiza katika mambo haya ya vyombo vya anga. Nimekasirishwa sana na filamu ile kumuua Wash, rubani, ambaye ndiye aliyekuwa akinichekesha. Kwa nini waliirudisha hadithi ili kuua watu? Na je, ungependa waendelee nayo?
*Msomaji, Mombasa*

Shikamoo, mzee wangu. Hasira yako naishiriki. Nilipoiona mara ya kwanza nilisimamisha filamu nikatoka nje. Nadhani Whedon alijua kwamba huenda asipewe nafasi nyingine, akataka katika dakika zilizobaki tusiwe na uhakika kwamba yeyote kati ya wale tisa atapona, na kwa kweli tangu Wash aanguke nilimwogopea kila mmoja wao. Kuhusu biashara, filamu iligharimu takriban dola milioni 39 na kuingiza takriban milioni 40 duniani kote, na kwa kuwa majumba ya sinema huchukua sehemu yao, hesabu hiyo ni hasara.

Kuendelea nayo bila Wash, na bila Ron Glass, aliyeigiza mchungaji Book na kufariki mwaka 2016, kungenipa moyo mzito, ingawa ningeangalia. Nikisikia hamu ya mwisho wa kweli mimi hurudi kwenye The Message. Waigizaji walikuwa wakiipiga picha sehemu hiyo ndipo taarifa ya kusitishwa ilipowafikia. Ni hadithi ya Tracey, kijana aliyepigana vita pamoja na nahodha, na mwisho wake wenzake wanalipeleka jeneza lake kwa wazazi. Theluji inaanguka, hakuna anayezungumza, na sauti yenyewe ya marehemu inasikika kutoka kwenye kinasa sauti ikiomba afikishwe nyumbani. Mtunzi wa muziki, Greg Edmonson, aliutunga wimbo wa mandhari hayo kama kwaheri yake kwa tamthilia. Ukiiangalia tena na mjukuu wako, mzee, zitazame nyuso za wale waliosimama nyuma ya jeneza.