Soma maandishi madogo

Swali la juma hili linatuuliza ni kitu gani mtaani kinachotunza historia ya mji bila mtu yeyote kukusudia. Jibu langu ni maandishi ya kwenye mabango na kuta za maduka, hasa hapa Dodoma katika eneo la Uhindini na zile barabara za namba, kama ya Saba na ya Tisa. Lakini msomaji asihangaike na jina kubwa la duka, kwa kuwa hilo hupakwa upya kila biashara inapopata mwenyewe mwingine. Asome maandishi ya pembeni, ambayo mara nyingi fundi huona tabu kuyafuta.

Bango lenye simu ya mezani inayoanza na 061 ni la kabla Dodoma haijapewa 026, na lenye namba ya mkononi ya 0744 liliandikwa kabla wateja wa Vodacom hawajahamishiwa 0754. Penye S.L.P. peke yake huenda ukuta ni wa zamani zaidi, ingawa huo ni ushahidi dhaifu, maana wapo wafanyabiashara ambao hawakupenda kupigiwa simu.

Ushahidi wenye nguvu ni majina ya mamlaka. Herufi CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, haziwezi kuwa za kabla ya 1973, mwaka ambao iliamuliwa makao makuu yahamie hapa, na mamlaka yenyewe ilivunjwa Mei 2017. Neno Manispaa nalo lilipitwa na wakati Aprili 2018, Dodoma ilipotangazwa kuwa Jiji. Kibao kilichosahaulika nyuma ya mwarobaini, kikiwa bado kinasema Manispaa, kimejitaja umri. Hata majina ya maeneo hayakutoka mkono mmoja: Area C na Area D yananukia meza ya mchora ramani, ilhali Uhindini ni jina la enzi ya ukoloni, watu walipogawiwa makazi kwa asili zao.

Vibao vya anwani za makazi vilivyoenea mwaka 2022, kuelekea Sensa ya Agosti, vinalaumiwa kwa kufanana kila kona. Mimi naviona vya thamani, kwa sababu baadhi ya majina ya mitaa yaliyokuwa yakitajwa kwa mdomo tu sasa yameandikwa.

Kinachonisumbua ni mabango ya kuchapishwa, ambayo yamewapunguzia kazi mafundi wa brashi. Hata hivyo, mengi hutundikwa juu ya rangi ya zamani bila kuikwangua, na upepo wa kiangazi unapoyachana, maandishi ya chini huonekana tena. Anayetaka kuyapiga picha awahi, kabla mwenye duka hajaleta bango jingine.