Wali wa Tena na Wali wa Upya: "Renew", "Repeat" na "Engage"

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa pampu za maji hapa Morogoro. Mkataba wangu wa mwaka mmoja ulikwisha mwishoni mwa Machi, nikakaa nyumbani wiki tano, kisha nikaitwa na kupewa barua ya Kiingereza isemayo kwamba nimekuwa "re-engaged". Mwenzangu, ambaye hakukaa nje hata siku moja, barua yake inasema mkataba wake umekuwa "renewed". Karani anadai maneno hayo ni mamoja. Binti yangu wa kidato cha pili amecheka, kwa kuwa "engaged" analolijua yeye ni mtu aliyevishwa pete ya uchumba. Naomba ufafanuzi.

JIBU: Binti hakukosea. "Engage" lilitoka Ufaransa, ambako "gage" ni kitu kinachowekwa dhamana, yaani rehani, na neno hilohilo limejificha ndani ya "mortgage". Basi aliye "engaged" kwa asili ni aliyejifunga: mchumba kwa pete, mwajiriwa kwa mkataba. Baadaye neno likatanuka hata likaingia kwenye gia inaposhika, kwenye majeshi yanapokabiliana, na kwenye simu ya Mwingereza, ambayo ikiwa "engaged" sisi husema inatumika. Maofisini siku hizi kuna "community engagement", nako ni kuwashirikisha wananchi tu. Sioni haja ya kulitafutia neno refu zaidi.

Ugumu wa barua yako umo katika kile kiambishi "re-", ambacho Kiingereza hukitumia mahali ambapo sisi tuna maneno mawili, "tena" na "upya". Mpishi wa shughuli akiambiwa apike wali tena, huenda sufuria ya kwanza imeshaliwa na wageni bado wanaingia. Akiambiwa apike upya, ujue ule wa kwanza umeungua au umekuwa bokoboko. "Repeat" hukaa upande wa "tena": ni kurudia lilelile, iwe kauli, kipimo cha maabara au darasa (ingawa kwa darasa wengi husema kukariri, neno ambalo pia tumelibebesha aibu ya kumeza somo bila kulielewa).

"Renew" hupotosha zaidi, maana limebeba "new" waziwazi, na msomaji hudhani kinakuja kitu kipya. Leseni ya biashara ikiwa "renewed", haki ni ileile, ila imeongezewa muda. Ndiyo maana napendelea "kuhuisha", neno la ukoo mmoja na uhai, kwa sababu kinachohuishwa ni kilekile kilichokuwapo. Mkataba wa mwenzako, basi, umehuishwa. Wewe, kwa maneno ya barua, umeajiriwa upya.

Wanasheria nao hawayachanganyi maneno ya jamii hii. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinampa mwamuzi au mahakama uwezo wa kuagiza kwamba mtu aliyeachishwa kazi isivyo haki arejeshwe kazini tangu siku aliyoachishwa, bila kupoteza ujira wa kipindi alichokuwa nje, na hilo ndilo "reinstate"; au aajiriwe upya kwa masharti watakayoyaamua wao, na hilo ndilo "re-engage". Kisa chako si cha kuachishwa kazi, lakini unaona kwamba neno uliloandikiwa halibebi ahadi ya kuunganisha muda uliopita na unaoanza.

Kwa hiyo usibishane na karani juu ya Kiingereza. Mwombe akuandikie, kwa lugha yoyote, utumishi wako unahesabiwa kuanzia tarehe ipi: ile ya mkataba wa kwanza, au siku ya Mei uliyorudi kushika spana.